Namna ya kuichukua sare yako kwenye mashindano ya chesi (kwa wenzangu wa Mtwara na Lindi)

Wadau wa chesi wa kusini, leo naongelea sare. Sio ushindi, sio ufunguzi mpya, ni sare, ile nusu pointi ambayo watu wetu wanaiacha mezani karibu kila tukisafiri kwenda kucheza. Nimekaa pembeni nikaangalia mechi nyingi za vijana wa huku na uwezo wanao, mtu anacheza vizuri kabisa, anabanana na mpinzani aliyemzidi reti (ile namba ya kupimia uwezo wa mchezaji), anafika mahali ambapo mechi ni sare hata ukimleta bingwa wa dunia akae upande wa pili, halafu dakika ishirini baadae unamuona anasaini karatasi kapoteza. Ukimuuliza vipi, anakwambia nilichoka, au nilijua ni sare ila jamaa akaendelea kucheza, au nilimwita mwamuzi akanikatalia. Yani sare ilikuwepo, hakuichukua. Sare haiji yenyewe, inabidi ujue kuiomba, kuishika na kuidai, na hivyo ni vitu vitatu tofauti.

Huku kwetu wengi tumeingia kwenye chesi tukitokea kwenye drafti na bao, na hiyo sio hasara hata kidogo. Mcheza drafti yeyote wa kijiweni anajua kwamba ukibaki na kingi moja tu na ikaishika ile njia ndefu ya kona kwa kona, mwenzio hata awe na kingi tatu atazunguka mpaka jua lizame, hakukamati. Hapo hakuna anayesema umebahatisha, watu wanasema huyu anajua. Sasa kwenye chesi ni hivyo hivyo, kuna sehemu za kujishikilia, zinajulikana, zimeandikwa miaka mingi, ni wewe tu kuzijua kwa moyo kama unavyoijua ile njia ndefu.

Na kama kuna mtu anadhani sare ni woga basi aangalie wakubwa. Mwaka 1927 Capablanca na Alekhine walicheza mechi 34 kugombea ubingwa wa dunia, 25 zikawa sare. Karpov na Kasparov walianza 1984 wakaenda mpaka Februari 1985, mechi 48, sare 40, mpaka rais wa FIDE, shirikisho la chesi la dunia, akasimamisha shindano lenyewe bila mshindi. London 2018 Carlsen na Caruana mechi zote 12 za muda mrefu sare, ikabidi wamalizane kwenye zile za haraka. Hawa sio watu waoga. Wachezaji wawili wenye uzoefu wakikutana na hakuna aliyekosea sana, sare ndio matokeo ya haki.

Kabla hujakaa mezani

Soma kanuni za mashindano husika. Sio kanuni za chesi kwa ujumla, za hayo mashindano unayocheza. FIDE inawaruhusu waandaaji kuweka sharti kwamba wachezaji wasikubaliane sare kabla ya muvu kadhaa, mara nyingi utakuta 30, au wasikubaliane kabisa bila ruhusa ya mwamuzi. Hii ilipata umaarufu baada ya mashindano ya Sofia ya mwaka 2005, ndio maana wengine wanaziita kanuni za Sofia. Sasa umetoka Mtwara na basi la alfajiri, umepita Mnazi Mmoja, Nangurukuru, Somanga, umevuka daraja la Mkapa, umefika Dar mgongo unauma, kesho yake asubuhi unamwambia mpinzani wako muvu ya 15 "tugawane" na yeye anakubali, mwamuzi anawarudisha mezani mkaendelee. Kichwa chako kilishatoka kwenye mechi, kukirudisha ni kazi kweli. Kwa hiyo kwenye kikao cha kabla ya raundi ya kwanza nyoosha mkono, uliza, "samahani mwamuzi, kuna kikomo cha muvu kwa kuombana sare?" Swali la sekunde tano.

Kingine ujue hiyo nusu pointi ina thamani gani kwako siku hiyo. Kwenye reti hesabu iko wazi: mpinzani akikuzidi pointi 200 hivi, yeye anategemewa kupata 0.76 ya pointi na wewe 0.24. Mkitoka sare umepata 0.5, yani umezidi matarajio kwa 0.26. Kama kipimo chako, ile K inayoamua reti yako inapanda na kushuka kwa kasi gani, ni 20, unaongeza pointi 5.2, na kama wewe ni mgeni kwenye reti na K yako bado ni 40 unaongeza 10.4. Mkiwa na reti sawa sare haiwaongezei wala haiwapunguzii. Kwa msimamo wa mashindano napo piga hesabu, kama ni raundi ya mwisho na nusu pointi inakuingiza kwenye zawadi hakuna haja ya kutafuta ushujaa.

Kuiomba

Mpangilio ni huu na usiubadilishe: cheza muvu yako, tamka kwamba unaomba sare, kisha bonyeza saa. Muvu, neno, saa. Watu wengi wanabonyeza saa kwanza ndio wanaongea, hapo unamsumbua mwenzio kwenye muda wake. Wengine wanaomba kabla hawajacheza, huku wanawaza, na hii ndio mbaya kwao wenyewe kwa sababu ombi likishatoka mdomoni halirudi. Mpinzani mjanja atakwambia kwa upole, "cheza kwanza kaka nione", na ana haki hiyo, unacheza, anaiangalia muvu yako, kama ni mbovu anakataa na anaendelea, kama ni nzuri anapokea mkono. Umempa chaguo mbili bure.

Na wewe ukifanyiwa hivyo fanya hivyo hivyo. Usijibu haraka. Ombi linabaki hai mpaka ulikubali, ulikatae kwa mdomo, uguse kete kwa nia ya kuicheza au kuila, au mechi iishe kwa njia nyingine. Kumbuka hilo la kugusa, ukishagusa kete tu ombi limekufa, huwezi kusema tena "haya basi nakubali".

Kwenye karatasi ya kuandikia muvu, kila ombi la sare linaandikwa alama ya (=) pembeni ya muvu ile, na wote wawili mnaiandika. Watu wanaliona dogo hilo, lakini likitokea bishano nani aliomba na lini, mwamuzi anaangalia pale. Halafu usiombe ombe. Umeomba mara moja kakataa, subiri hali ya mezani ibadilike ndio uombe tena, maana kuomba kila baada ya muvu mbili kunahesabika ni kumbughudhi mpinzani na mwamuzi anaweza kukuadhibu. Na ombi halina masharti, hakuna "nikupe sare ila mechi ijayo..." hapana, hiyo inanuka upangaji wa matokeo, kaa nayo mbali kabisa.

Kuidai

Hapa ndio tunapoumia, nitakaa hapa.

Sare ya kukubaliana ni ya watu wawili, lakini kuna sare ambazo ni haki yako peke yako, mpinzani atake asitake. Ya kwanza ni hali ileile kutokea mezani mara tatu. Sio muvu zile zile mara tatu, ni hali. Maana yake kete zote ziko kwenye nyumba zilezile, zamu ni ya mtu yuleyule, na uwezekano wa muvu ni uleule, ikiwemo haki ya kujengea mfalme ngome na ile ya kumla kitunda kwa njiani. (Vitunda ni wale askari wadogo nane wa mbele, nitawaita hivyo humu.) Na sio lazima zifuatane, inaweza kutokea muvu ya 20, ikarudi muvu ya 26, ikarudi tena ya 41, bado unahesabu tatu.

Mfano mzuri ni hii njia ya ufunguzi inayoitwa Berlin ambayo mabingwa wakiamua kupumzika wanaipita, chukua ubao ufuatilie (K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, kitunda hakina herufi, x ni kula, + ni cheki, O-O ni kumjengea mfalme ngome): 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bb5 Nf6 4.O-O Nxe4 5.d4 Nd6 6.dxe5 Nxb5 7.a4 Nbd4 8.Nxd4 Nxd4 9.Qxd4 d5 10.exd6 Qxd6. Simama hapo, tazama: malkia wa nyeupe yuko d4, wa nyeusi d6, zamu ya nyeupe. Hiyo ni mara ya kwanza. Inaendelea 11.Qe4+ Qe6 12.Qd4 Qd6, mara ya pili. 13.Qe4+ Qe6 14.Qd4 Qd6, mara ya tatu. Muvu 14 watu wamemaliza wameenda kunywa chai. Ila angalia nani anadai na wakati gani. Nyeusi anaweza kudai kabla ya kucheza muvu yake ya 14: anaiandika Qd6 kwenye karatasi bila kugusa malkia, anasimamisha saa, anamwita mwamuzi, anasema "nakusudia kucheza Qd6, hali hii itakuwa imetokea mara ya tatu, nadai sare". Akiicheza tu Qd6 na kubonyeza saa, basi haki ya kudai sasa iko kwa nyeupe kwa sababu zamu ni yake na hali ya tatu iko mezani tayari. Nyeusi akianza kusema hapo "mwamuzi, sare, mara ya tatu" ataambiwa sio zamu yako, nyamaza.

Hivyo ndivyo kijana mmoja wa Lindi alivyopoteza nusu pointi yake, na nilikuwepo. Alikuwa na malkia anampiga mwenzie cheki za mfululizo, kila mtu aliyesimama pale anaona ni sare, yeye kila akifikisha mara ya tatu anacheza kwanza, anabonyeza saa, halafu ndio ananyoosha mkono. Mwamuzi hakumuonea, kanuni iko hivyo, ukishaigusa kete umepoteza haki ya kudai kwa muvu ile. Alirudia kosa, akachanganyikiwa, mwenzie akapata nafasi ya kujikinga, ikaisha hivyo. Kwa hiyo weka kichwani: ANDIKA, SIMAMISHA SAA, ITA MWAMUZI. Usiguse.

Hizo cheki za mfululizo zenyewe siku hizi sio kanuni inayojitegemea, watu wanadhani ukimpiga cheki bila kikomo sare inakuja moja kwa moja. Haiji. Inakuja kwa kupitia mara tatu, au kwa kukubaliana, au kwa ile ya muvu 50.

Ukidai ukakosea, yani mwamuzi akahesabu akakuta ni mara mbili tu, mpinzani anaongezewa dakika mbili na mechi inaendelea, na ile muvu uliyoiandika lazima uicheze. Sio mwisho wa dunia lakini kama na yeye ana sekunde chache umemuokoa. Hali ikitokea mara tano hapo mwamuzi mwenyewe anaisimamisha mechi bila kudaiwa.

Ya pili ni muvu 50. Zikipita muvu 50 za kila mmoja bila kitunda kusogea na bila kete kuliwa, una haki ya kudai, utaratibu uleule wa kuandika na kuita. Zikifika 75 mwamuzi anaimaliza mwenyewe, isipokuwa kama muvu ya mwisho ni chekimeti, hapo chekimeti inatangulia. Hesabu inaanza upya kila kitunda kikisogea au kete ikiliwa, na hapa karatasi iliyoandikwa vizuri ndio shahidi wako, mtu mwenye mwandiko wa kukimbizana na mistari aliyoiruka hawezi kuonyesha chochote. Mimi huwa naweka kinukta pembeni ya muvu ya mwisho iliyokula kete, nikifika mbele nahesabu kutoka pale. Mwaka 1989 kule Belgrade Nikolić na Arsović walicheza muvu 269, ngome na askofu dhidi ya ngome, ikaisha sare, enzi hizo kanuni ilikuwa inaruhusu muvu 100 kwa kete za namna hiyo. Sasa hivi ni 50 kwa zote.

Kwenye mechi za haraka ambazo haulazimiki kuandika, haki ya kudai unayo palepale, na unaweza kumuomba mwamuzi karatasi wakati wowote uanze kuandika. Ukiona mnaanza kuzunguka, mwite mapema awe macho.

Na saa ikikuishia, usikimbilie kunyoosha mkono wa kushindwa. Kama mpinzani amebaki na kete ambazo hata mkicheza vibaya namna gani hawezi kukupiga chekimeti, mfano mfalme peke yake, ni sare hata kama bendera yako imeanguka. Wengi hawajui hili wanaondoka na sifuri.

Kuishika

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu huwezi kudai usichokishika.

Mechi moja ilichezwa kwenye ukumbi wa shule hapa Mtwara mjini, mchana, lile joto letu la kabla ya mvua, madirisha yote wazi na bado jasho. Nyeupe alikuwa mwalimu mstaafu wa Mikindani, nyeusi fundi umeme wa Masasi, wote wawili wamecheza miaka mingi, wanajuana. Wameshalana kila kitu wamebaki hivi: mwalimu mfalme d5, kitunda e5, ngome h7. Fundi mfalme e8, ngome a6. Watoto waliokuwa wanaangalia wakaanza kunong'ona fundi kaisha, ana kitunda pungufu na mfalme wake kabanwa kwenye mstari wa mwisho. Kumbe fundi alikuwa ametulia kabisa, hii hali inaitwa ya Philidor, yule Mfaransa aliieleza tangu mwaka 1777.

Siri yake ni mstari wa sita. Ngome ya fundi ikikaa a6 inamzuia mfalme wa mwalimu asipande. Fundi hafanyi kitu kingine, anacheza Rb6, anarudi Ra6, Rb6, Ra6, mwalimu anahangaisha ngome yake pembeni, inarudi h7, hakuna kinachobadilika. Hapo katikati fundi akaomba, kwa adabu, alicheza kwanza: "Mwalimu, sare?" Mwalimu akamjibu, "Bado fundi, tuendelee kidogo." Haki yake, kila mtu akaandika (=) yake.

Mwisho mwalimu hana njia, anasukuma e6, sasa anatishia kuzunguka Ke5 halafu Kf6 akijificha nyuma ya kitunda chake. Na hapa ndio muvu ya mechi nzima: fundi hakusubiri, ngome ikashuka moja kwa moja mpaka chini, Ra1. Kwa nini? Kwa sababu kitunda kikishafika e6, mfalme mweupe hana tena pa kujikinga na cheki za kutokea nyuma, pale pa kujificha ndio pale kitunda chenyewe kilipohamia. Kd6 (anatishia Rh8 chekimeti), Rd1+. Ke5, Re1+. Kd6, Rd1+. Ke5, Re1+. Kd6. Fundi akachukua kalamu, akaandika Rd1+, akasimamisha saa, akanyoosha mkono. Mwamuzi akaja, akapitia karatasi, hali ya mfalme d6 na ngome d1 ilishatokea mara mbili, hii ni ya tatu. Sare.

Ukiitazama utaona fundi alifanya yote matatu kwa mpangilio: aliomba, alikataliwa, akashika, akadai. Na ukitaka kuiharibu hali hiyo ni rahisi sana, ishushe ngome kabla kitunda hakijasogea. Ngome ikiondoka mstari wa sita mapema, mfalme mweupe anapanda Kd6 au Ke6 huku kitunda kiko nyuma yake, cheki zako zinakosa nguvu, unaanza kuteseka. Na ukichelewa kuishusha baada ya e6 umekufa. Subiri kisukumwe, kikisukumwa shuka. Basi.

Ya pili ya kujua ni mfalme na kitunda dhidi ya mfalme peke yake. Nyeupe Kd5 na kitunda e5, wewe mfalme wako e7. Anasukuma e6. Una nyumba tatu za kurudi, d8, e8 na f8, na moja tu ndio sare: Ke8, moja kwa moja nyuma. Akija Kd6 wewe Kd8, uso kwa uso. e7+ Ke8, na sasa akitaka kukilinda kitunda lazima acheze Ke6, na wewe huna pa kwenda wala hujapigwa cheki, stelimeti, sare. Ukikosea ukarudi Kd8 kule mwanzo, anakuja Kd6, unaenda Ke8, anasukuma e7 bila cheki, unalazimika Kf7, anaingia Kd7 na kitunda kinakuwa malkia. Nyumba moja tu ya tofauti. Hii ichezeni mpaka mkono ufanye wenyewe, nimeona watu wa reti nzuri wanaikosea wakiwa wamechoka.

Ya tatu: askofu wa rangi mbaya. Mwenzio amebaki na kitunda cha pembeni kabisa, cha a au cha h, na askofu. Angalia kona ambayo kitunda kinakwenda kugeuka malkia. Kama askofu wake hatembei kwenye rangi ya ile kona, mkimbize mfalme wako ukae pale konani, hakutoi mpaka kesho. Kona ya h8 ni nyeusi, kwa hiyo kitunda cha h na askofu wa nyumba nyeupe ni sare. Kona ya a8 ni nyeupe, kitunda cha a na askofu wa nyumba nyeusi ni sare. Faida ya kujua hii inaanza mbali, unaweza kutoa hata kete yako ya mwisho kwa makusudi ili mfikie hapo.

Maaskofu wa rangi tofauti nao, kila mtu askofu wake anatembea rangi yake, ukiwa nyuma kwa kitunda kimoja na mara nyingine hata viwili unaweza kushikilia, funga njia kwenye rangi ya askofu wako na usihame.

Kimwili pia jipange. Mechi ya dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa muvu inaweza kwenda saa nne na zaidi, na kushika sare ni kazi ya saa ya mwisho. Kula kidogo asubuhi, ming'oko na chai inatosha kabisa, beba maji, usiende kujaza ugali na samaki halafu ukategemea kuona Ra1 saa nane mchana.

Kuikubali au kuikataa

Mpinzani akikuomba sare jiulize kwanza kwa nini anaomba sasa. Mtu mwenye uzoefu haombi bure, ama ameona hatari ambayo wewe hujaiona, ama saa yake imekwisha, ama kweli hakuna kitu mezani. Tumia dakika zako kutafuta hiyo hatari. Kama una nafasi nzuri na muda zaidi yake, endelea, hata akiwa mkubwa wako kwa umri, heshima ya shikamoo ni kabla ya mechi na baada ya mechi, mezani unacheza kete. Hii naisema kwa sababu vijana wetu wanakubali sare za wakubwa kwa aibu tu, wakiwa wanaongoza, na hata wakubwa wenyewe hawafurahii kupewa hivyo.

Kama uko sawa naye na hujui cha kufanya, kubali bila kusita.

Mkishakubaliana mnapeana mikono, mnasimamisha saa, mnaandika ½-½ kwenye karatasi zote mbili na kila mmoja anasaini zote. Hakikisha umesaini na yake, na kwamba mwamuzi amechukua matokeo sahihi, maana likiandikwa vibaya kwenye raundi inayofuata unapangiwa mtu siye. Halafu kama ana muda mwombe mkae nje mpitie mechi pamoja, mcheza wa muda mrefu akikueleza alikuwa anaogopa nini pale muvu ya 30 unapata kitu ambacho programu ya simu haikwambii.

Kwa mazoezi, wekeni ile hali ya fundi na mwalimu hapo kijiweni, dakika tano kila mtu, mmoja anashambulia mwingine anashika, mkimaliza mnabadilishana. Mshambuliaji aruhusiwe kufanya vituko vyote, azungushe ngome, asubirie, ajifanye hana mpango. Ukiweza kuishika mbele ya kila mtu wa kijiwe bila kuwaza, hamia kwenye Ke8, halafu kwenye askofu wa rangi mbaya, na kila mkifika mara ya tatu mwenye kudai aandike kwanza kwenye karatasi na aite mwamuzi kwa sauti, hata kama mwamuzi wenyewe ni mdogo wako aliyekaa hapo anamenya korosho.